Wageni wa Kafr Luza

Baada ya sala ya adhuhuri Bi Wadha alipanda juu ya paa la nyumba yake, akakaa kwenye kivuli cha tangi la maji na sinia la dengu mapajani. Alikuwa akipembua dengu, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo. Saa kama ile joto hulifanya korongo litoe mvuke, na nyumba za Ain Safsaf, kijiji cha upande wa pili, huonekana kama zimenyanyuka kidogo kutoka ardhini na kuelea. Mashamba ya ngano yalikuwa yameanza kupata rangi ya mkate. Mara nyingine kitu cheupe kilitikisika kule juu ya paa la shule, naye hakuweza kujua kama ni shuka iliyoanikwa au ni mtu anayepunga mkono.

Alipunga mkono hata hivyo. Kupunga hakumgharimu kitu.

Katika shule ile alikuwamo binti yake, Nijma. Aliolewa ng'ambo miaka mingi nyuma, wakati ambapo kuvuka korongo kulikuwa sawa na kuvuka uwanja wa jirani. Ulikuwa ukienda na bakuli la mtindi na kurudi na bakuli hilohilo limejaa lozi. Watu wa pande mbili walikuwa wamoja, na mpaka ulikuwa mstari ambao wakubwa wa zamani waliuchora bila kuuliza nani ni shangazi wa nani. Kisha nchi ya ng'ambo ikapasuka. Vijana waliingia mitaani, risasi zikafuata vijana, mizinga ikafuata risasi. Nijma akatoka mjini na mama mkwe wake asiyeweza kutembea, pamoja na majirani waliokuwa na nguvu ya kukimbia, wakaishia katika shule ya Ain Safsaf, mbele yao korongo na nyuma yao moshi. Alikuwa mja mzito, na siku zake zilikuwa zimekaribia.

Kilichomnyima usingizi mama yake ni jambo moja tu: mtoto azaliwe upande gani wa korongo.

Si kwamba askari wa upande huu walikuwa wabaya. Koplo wa kibanda cha chini alikuwa kijana mpole aliyemletea Bi Wadha kiti kila aliposhuka kuuliza. "Mama yangu," alimwambia, "nikipewa amri nitawabeba mgongoni mmoja mmoja. Bila amri sina mikono." Na amri haikuwapo, kwa sababu serikali ya Amman ilikuwa kimya. Haikusema fungueni, haikusema fungeni. Ilikuwa imekaa kama mtu anayejifanya amelala ili asiulizwe.

Na aliyekuwa akiandika maneno ya kimya hicho alikuwa mwanawe wa kwanza. Mufleh alikuwa ofisa mkubwa katika Wizara ya Mambo ya Nje, na jirani wa kaskazini ndiye aliyekuwa kazi yake ya kila siku.

Siku ya Alhamisi wazee wa Kafr Luza walivaa majoho yao mazuri wakaenda wizarani kuomba korongo lifunguliwe. Walirudi jioni jua likiwa bado halijazama. Aliyewaongoza, Shteiwi, shemeji yake Bi Wadha, alikuja moja kwa moja mpaka kwenye kibaraza chake, akavua viatu akipumua kwa nguvu.

"Haya, shemeji, niulize tumekunywa nini."

"Mmekunywa nini?"

"Maji ya maembe."

Bi Wadha aliweka chini kisu cha vitunguu. "Wizarani? Kahawa hawakuwapa?"

"Maji ya maembe, na barafu ndani, na mrija. Mzee mwenzangu Abu Rakan, mzima na ndevu zake, anafyonza mrija kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia mwanao, Baba Ghaith, kahawa iko wapi? Akaniambia, ami, kahawa ina madhara kwa shinikizo la damu. Nikamwambia, damu yangu iko salama, ilinde damu ya dada yako."

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia moyoni. Mbele za watu nilifyonza."

Bi Wadha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya ushungi, kisha kicheko kikamwisha. Wote wawili walielewa maji ya maembe yalikuwa na maana gani. Kwao, mtu mwenye haja kubwa akienda kwa mtu hupewa finjani ya kahawa, naye haionji. Huiweka chini mbele yake, na mwenye nyumba akiiona pale hujua. Humwambia: kunywa kahawa yako, haja yako imetimia. Hapo ndipo mgeni hunywa. Mgeni akiondoka akiacha finjani imejaa, aibu ya mwenye nyumba hutembea mji mzima na kuwafikia hata wajukuu. Mufleh alilelewa katika mila hiyo. Alijua wazee wakija watafanya nini, basi akaamuru jikoni kusiwashwe moto wa kahawa. Maji ya maembe hayamfungi mtu.

"Kawa mjanja mtoto wako," alisema Shteiwi.

"Hakuwa mjanja, maskini. Alikuwa anaogopa." Akachukua tena kisu. "Kesho Ijumaa. Nitaenda kula chakula cha mchana kwa mwanangu. Utanisindikiza?"

Shteiwi alimtazama kwa muda. "Mama hamwekei mwanawe finjani chini, Wadha. Sijawahi kusikia."

"Mimi pia sijasikia," alisema.

Waliondoka asubuhi kwa teksi ya abiria wengi. Dereva alipoona Bi Wadha anasinzia, alipunguza redio mpaka habari za vita zikawa mnong'ono, akaendesha taratibu kwenye kona kama amebeba mayai. Mizeituni ilikuwa inapita dirishani, kijivu na fedha, kijivu na fedha. Katika usingizi wake Nijma alikuwa mtoto, amekaa juu ya lundo la ngano na miguu yake imezama humo, na alikuwa akisema kitu ambacho Bi Wadha hakukisikia kwa sababu ngano ilikuwa inamwagika na kumwagika. Alijaribu kumvuta mkono. Mkono ulikuwa na joto la mkate. Alipozinduka, shali ya abiria wa kando, mwanamke asiyemjua, ilikuwa imefunika magoti yake, na mwanamke huyo alikuwa ameshashuka njiani.

Rihab, mke wa Mufleh, aliwafungulia mlango na kumbusu mama mkwe wake mkono, kisha, bila kuambiwa, akaenda kuleta ule mto mgumu ambao Bi Wadha huupenda mgongoni. Wajukuu walikuwa kwa bibi yao mwingine. Nyumba ilikuwa tulivu, mapazia yameshushwa nusu, na mwanga wa mchana ulikuwa umelala sakafuni kama paka. Mufleh alitoka chumbani na simu mkononi. Alikuwa amekonda. Kucha zake alikuwa amezitafuna, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa darasa la pili na kuogopa mtihani wa hesabu.

Walikula. Rihab alikuwa amepika wali na nyama ya kondoo kwa mtindi, na mara mbili alimwekea mama mkwe wake kipande laini bila kusema neno. Walizungumza habari za magoti, za mvua, za mbuzi wa Abu Rakan aliyekula bango la mgombea. Shteiwi alijilaza kwenye kochi akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwani, na punde akaanza kukoroma. Kisha Rihab akaleta mdila wa kahawa, maana nyumbani hakuna mtu wa kumnyima mama kahawa. Harufu ya iliki ikajaa chumbani. Akamimina, akampa.

Bi Wadha aliipokea kwa mkono wa kulia, akasema Mungu akubariki, akainama taratibu na kuiweka chini mbele yake.

Rihab aliganda na mdila mkononi. Mufleh alitazama finjani, kisha akamtazama mama yake, kisha finjani tena.

"Mama, usifanye hivyo."

"Nimeshafanya, mwanangu."

"Wewe si mgeni hapa. Hii ni nyumba yako."

"Leo ni mgeni."

Rihab aliweka mdila chini, akaenda jikoni na kufunga mlango nyuma yake polepole sana. Mufleh akakaa sakafuni mbele ya mama yake, miguu ameikunja, na finjani katikati yao. Kochi likakoroma.

"Unajua haja yangu," alisema Bi Wadha.

"Naijua. Nami nakuomba unisikilize kwanza." Alisugua macho. "Kila asubuhi balozi wao anakuja ofisini kwangu. Ni mtu muungwana, tumesoma pamoja chuo kimoja. Anakaa, ananiuliza watoto hawajambo, kisha anasema: tukisikia mmewapokea wakimbizi, tutajua mmeamua. Umeelewa? Neno wakimbizi tu. Tukilitamka, tumeshasema serikali yake inawaua watu wake. Na hiyo serikali, mama, hakuna ajuaye. Ikisimama, kesho itatufungia maji ya mto. Malori yetu yote ya mboga yanapita kwao. Wanafunzi wetu wako kwao. Ikianguka, watakaokuja watatuuliza, mlikuwa wapi tulipokuwa tunakufa mlangoni kwenu? Na wakubwa wa mbali wanapiga simu. Mmoja anataka tufunge, mwingine anataka tufungue na kupitisha na bunduki humohumo. Waziri anataka nimwandikie sentensi isiyosema kitu. Naandika. Anasema bado inasema kidogo. Nafuta, naandika tena."

Bi Wadha alimsikiliza neno kwa neno. Hakuelewa kila kitu, lakini alielewa kwamba hadanganyi. Aliona jinsi alivyokuwa akivuta uzi wa zulia bila kujijua.

"Umekuwa ukila vizuri?" aliuliza.

"Mama."

"Nakuuliza tu."

Akatabasamu kidogo, kisha akasogea karibu na kupunguza sauti. "Sikiliza. Kuna mtu namjua. Nijma naweza kumtoa. Peke yake, kimya kimya, kesho kutwa. Mtoto atazaliwa hapa Amman, hospitali nzuri. Hilo naweza kukuahidi sasa hivi. Kunywa kahawa yako."

Bi Wadha hakuinyanyua. Juzi Nijma alikuwa amepanda paa la shule, mahali ambapo mtandao wa upande huu humfikia, akampigia simu. Mama yake alimwuliza jambo hilohilo. Nijma alikuwa akihema kwa ngazi, akasema: "Mama, mama mkwe wangu hawezi hata kwenda msalani bila mimi. Na huyu Fadda ninayelala naye ubavuni, alinibebea maji njia nzima, naye ana kitoto cha kunyonya. Niwaage nikiwaambia nini? Nawatakia heri?" Kisha akacheka, na mtandao ukakatika katikati ya kicheko.

Bi Wadha alimweleza Mufleh. Hakuongeza chumvi. Mufleh akainamisha kichwa.

"Basi sina la kuahidi," alisema. "Siwezi kusema neno ambalo si langu kulisema. Wote hao, mama, si wangu. Ni wa waziri, ni wa nchi."

"Ndiyo."

"Unanitia aibu ndani ya nyumba yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Najua."

Mwanga ulikuwa umesogea sakafuni na kufika kwenye finjani. Kahawa ilikuwa imepoa, na juu yake palikuwa na duara dogo la mwanga lililotikisika kila gari lilipopita barabarani. Bi Wadha alilitazama mpaka akahisi kama analitazama kutoka mbali, kutoka juu ya paa lake, kama kisima kidogo ng'ambo ya korongo. Nyayo zikaanza kusikika kwenye ngazi za nje. Ni Abu Rakan na wazee wenzake. Shteiwi alikuwa amewadokeza, nao walikuja mjini kwa gari jingine, wakasali msikiti wa karibu, na sasa walikuwa wanapanda kuja kuona matokeo. Walipanda polepole kwa sababu ya magoti, wakisimama kila ngazi kadhaa kupumua.

Wataingia, watakuta finjani imejaa. Hawatasema kitu. Watamwamkia mwanawe kwa adabu, wataondoka na mama yake, na kuanzia jioni ile hakuna nyumba katika Kafr Luza itakayompa Mufleh mkono kwa moyo wote. Na mjukuu wake Ghaith atakapotaka kuoa, mtu atasema: si mtoto wa yule aliyemwacha mama yake na finjani iliyojaa?

Bi Wadha alimtazama mwanawe. Hakuona ofisa wa wizara. Aliona mtoto wa darasa la pili, kucha zimeliwa, anasubiri kuitwa mbele ya ubao. Watoto wake wawili walikuwa wamenaswa, mmoja shuleni na mmoja hapa zuliani, na hakuwa na mkono wa tatu. Mikono miwili aliyokuwa nayo ilimfikia huyu.

Akaokota finjani akainywa. Ilikuwa baridi na chungu, na alimeza yote. Akaitikisa kidogo, kulia na kushoto, kama inavyotikiswa kuonyesha kwamba mtu ametosheka, akaiweka chini tupu.

"Umenisamehe," alisema Mufleh kwa mnong'ono.

"Nimekuona umechoka."

Mlango ukagongwa, Rihab akafungua, wazee wakaingia na majoho yao. Walisimama pale pale mlangoni. Macho yao yalikwenda kwenye finjani kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Abu Rakan aliitazama, akamtazama Bi Wadha, na uso wake mzee ukafunguka wote.

"Mungu aung'arishe uso wako, Baba Ghaith," alisema. "Mungu akuzidishie heshima. Nilimwambia Shteiwi, huyu ni mtoto wa baba yake. Maji ya maembe yale nimekusamehe."

Hapo ndipo Bi Wadha alipotambua alichokifanya. Alikusudia kumfungua mwanawe, kumbe amemfunga. Mgeni hanywi mpaka aahidiwe. Aliyeona finjani tupu ameona ahadi. Alifungua kinywa kusema jamani, hapana, mtoto hakuahidi kitu, ni mimi na moyo wangu. Mufleh naye alifungua kinywa. Kwenye kochi Shteiwi alikuwa ameshusha kitambaa usoni, macho yake mazima kabisa, hayana hata chembe ya usingizi. Alikuwa amesikia yote toka mwanzo. Akawatazama mama na mwana, mmoja baada ya mwingine, kisha akajinyoosha na kupiga miayo.

"Nimelala kama maiti," aliwaambia wazee. "Nimekosa nini?"

Mufleh alifumba kinywa. Ilikuwa rahisi kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, na yeye alikuwa bingwa wa maneno ya kurudi nyuma. Lakini alinyamaza, na huo ukawa unyamavu wa aina nyingine, si ule wa wizarani.

Wazee walikaa. Rihab, uso mwekundu, alileta kahawa mpya ya moto, na sasa kila mtu alikunywa. Wakaanza kugawana watu, wakikatizana kauli.

"Wale wa Abu Shihada ni wajomba zangu, hao wageni wangu mimi."

"Wajomba zako tangu lini? Mke wao ni binti wa dada yangu. Wanakuja kwangu."

"Kwako watalala wapi, juu ya mbuzi?"

"Mbuzi wangu anakula mabango, hakojoi godoroni kama mjukuu wako."

"Nasema wageni wangu. Nimeshawaambia wanawake wafue magodoro."

Mufleh alikuwa akisikiliza huku amejishika shavu. Bi Wadha aliona ule uzi wa zulia umeachwa. Mwanawe aliinua kichwa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka chumba cha mbali.

"Ami Abu Rakan," alisema, "kila familia iliyopo shuleni ina nyumba kwetu? Kila moja?"

"Ambayo haina, inayo sasa," alisema mzee. "Unadhani tunamwuliza mtu nasaba yake akiwa na njaa?"

"Na zamani, kabla ya haya yote, mtu akija kumtembelea shangazi yake, serikali ilisema kitu?"

"Iseme nini? Mtu akimtembelea shangazi yake?"

Mufleh alisimama. Akaenda msalani, wakasikia maji yakimwagika kwa muda. Alirudi amenawa uso na amevaa koti. Alimwinamia mama yake akambusu kichwani, na Bi Wadha akasikia moyo wa mwanawe ukipiga kwenye paji lake.

"Wapi?" aliuliza.

"Kwa waziri, nyumbani. Nina sentensi." Alisita. "Mama, wanaweza kunifukuza."

"Sikukusudia, mwanangu. Wallahi sikukusudia."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kukukasirikia." Akavaa viatu. "Niombee."

Alichomwambia waziri, Bi Wadha alikijua baadaye, kwa mafungu. Waziri alikuwa bustanini akipogoa waridi, naye alimwacha Mufleh amesimama juani mpaka akamaliza mstari mzima. Mufleh alimwambia nchi haina haja ya kutamka neno wakimbizi, wala kusema lolote juu ya serikali ya ng'ambo. Itasema tu kwamba haijawahi kuwazuia watu wa mpakani kutembeleana na jamaa zao, na kwamba kila mgeni yuko katika dhamana ya nyumba iliyompokea. Waziri aliuliza: na hili likigeuka likatuuma, nani aliyelishauri? Mufleh alisema, mimi, na jina langu liandikwe. Waziri akakata waridi moja, akalinusa. Akasema, basi liandikwe.

Jumapili kabla ya adhuhuri koplo wa kibanda cha chini alivua kofia, akaiweka juu ya kiti kile cha Bi Wadha, akashuka korongoni na wenzake. Alikuwa amepewa mikono.

Walikuja katikati ya mchana, saa ile ya mvuke, hata Bi Wadha aliyesimama ukingoni hakuamini macho yake kwa muda. Shule ilionekana kama inamwagika polepole. Watu walitoka wakaelea juu ya mabonge ya mawe, wakazama kwenye kivuli cha korongo, wakawa hawapo, kisha wakaibuka upande huu wakiwa na uzito, na vumbi, na sauti. Kulikuwa na mwanamke aliyebeba cherehani. Mzee mmoja alikuja na tundu tupu la kanari, akakataa kumpa kila aliyetaka kumpokea mzigo. Wenyeji walisimama na maji na mikate, wakiita majina. Aliyeitwa hakuulizwa kitu. Aliwekewa mkono begani na kuongozwa nyumbani.

Mufleh alikuwa pale, na viatu vyake vya mjini, akiteleza kwenye changarawe. Koplo alipita amembeba mgongoni mama mkwe wa Nijma, kikongwe mwembamba kama shuka iliyokunjwa, aliyekuwa akimwelekeza njia kwa kumgusa masikio. "Huku, mwanangu. Hapo pana jiwe. Una mke? Tutakutafutia." Nyuma yao alikuja Fadda na kitoto chake. Na nyuma ya Fadda, mkono mmoja kiunoni, akitembea kama mtu anayevuka mto, alikuja Nijma.

Hakusema kitu alipomfikia mama yake. Aliegemeza uzito wake wote juu yake, na Bi Wadha, ambaye magoti yake hayafai, alisimama imara kama ukuta mpaka binti yake alipomaliza kuegemea.

Nyumbani Nijma aliomba usingizi tu. Alilala kwenye chumba cha ndani, ubavu wa kushoto, na Bi Wadha akazunguka pekupeku akifunga madirisha ili mwanga usimsumbue. Kikongwe alikuwa amewekwa kwenye kitanda cha Bi Wadha mwenyewe. Fadda alikuwa jikoni, amekataa katakata kupumzika, anapembua zile dengu. Jirani asiyesema jina lake aliacha sufuria ya supu mlangoni akaondoka.

Mufleh alikuwa amekaa kibarazani akikung'uta viatu wakati simu yake ilipolia. Alitazama namba, akaweka kiatu chini, akapokea. Bi Wadha alijua kwa jinsi alivyonyoosha mgongo kwamba ni balozi.

Alisimama na simu, akaingia kati ya mitini nyuma ya nyumba. Mama yake alimwona kupitia majani, akienda na kurudi, anasikiliza zaidi kuliko kusema. Sauti ya upande wa pili ilikuwa juu mwanzoni. Ilisikika mpaka dirishani, kama nyigu ndani ya chupa. Mufleh hakupandisha yake. Alisema, ni wageni tu, ndugu yangu, wametembelea jamaa zao. Alisema hivyo tena, na tena, kwa upole uleule, kama mtu anayembembeleza mtoto. Sauti ya chupani ikashuka. Kisha akasikika akimwuliza balozi habari za watoto, na za mke, na baada ya hapo akasema: "Na mama yako? Yuko wapi siku hizi?"

Bi Wadha alisubiri dirishani. Mufleh alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika tawi, na hakuna sauti iliyotoka kwenye simu kwa muda mrefu sana. Nzi mmoja alitembea kwenye kioo. Chumbani Nijma alipumua kwa nguvu, akageuka, akaendelea kulala.

Mwisho Mufleh alisema jambo la chini chini, akaizima simu, akaja mpaka dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," alisema, "kuna nafasi ya mtu mmoja zaidi? Ni mwanamke mzee. Ana sukari, hali vyakula vitamu."

Bi Wadha hakuuliza ni mama wa nani. Alikwenda stoo kutafuta godoro, akalipiga vumbi kwa kiganja, akalitandika mahali penye upepo.